Steringi Aliyekwenda Kulima Maboga

Nchi yetu ipo, msibishane. Jina lake silitaji kwa sababu kibali changu cha kutaja jina la nchi kimekwisha muda, na dirisha la kuhuisha vibali hufunguliwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Alhamisi hiyo ikiangukia siku ya kazi. Basi tuiite nchi yetu, inatosha. Ina mlima mmoja, mito miwili na Kiongozi mmoja, na vyote vinne vimekuwepo tangu nipate akili.

Mimi naitwa Mfaume Kitojo, mtafsiri wa filamu katika banda la video la Macho Yote, nyuma ya soko la mitumba. Kwa msioijua kazi hii: filamu inachezwa kwa lugha ya wenyewe, nami nakaa kando ya runinga na kipaza sauti, nawaambia watu kinachosemwa. Steringi, yule shujaa wa filamu, akisema, nasema. Adui akitukana, natukana, ila kwa adabu, maana pana wazee. Farasi akilia, naeleza sababu. Lugha ya wenyewe siijui sana, lakini uso wa mtu husomeka, na kwa miaka ishirini na miwili hajatokea mteja aliyerudi kulalamika kwamba nimemdanganya. Mke wangu Zawena hukaa mlangoni. Kazi yake ni kuingiza watu, na kuwatoa wale wenye tabia mbaya ya kusimulia mwisho kabla haujafika.

Sasa, kati ya waigizaji wote waliowahi kushika bastola mbele ya kamera, mwanamume ni mmoja tu: Rok Denva. Hapa sibishani na mtu. Ukinibishia utatoka nje ya banda, na Zawena ndiye atakayekutoa, kwa hiyo fikiri vizuri.

Filamu za Denva ziko mafungu mawili. Kuna za kauboi na kuna za mjini. Za kauboi ndizo Denva mwenyewe. Anatokea mbali, mavumbi mwili mzima, hacheki. Anaingia baa, anaagiza kinywaji, hanywi. Nimewahi kumhesabia maneno kumi na moja filamu nzima, na manne kati ya hayo alimwambia farasi. Huyo ndiye mtu. Halafu kuna hizi za mjini, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu hawajapata shida. Huko wamemvisha suti, wamempa simu, wamemfundisha kukimbia. Aka! Denva hakuumbwa akimbie, aliumbwa asimame. Tena kila filamu ya mjini, ikifika dakika ya ishirini, bosi wake anagonga meza na kumnyang'anya beji, kisha mwishoni anamfuata kwa aibu amrudishie. Nimeona mabosi kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyejifunza kwa mwenzake. Na lile bomu lenye saa nyekundu husimama ikibaki sekunde moja, kila siku sekunde moja. Mimi ningekuwa fundi wa mabomu ningelitega lilipuke ikibaki dakika mbili, tuone wangefanya nini.

Ya mjini ninayoikubali ni ile ya kwenye treni tu, ambamo Denva anakaa na risasi begani tangu mwanzo hadi mwisho, na kitu pekee anacholalamikia ni kwamba kahawa imepoa. Zawena anasema hata mimi huwa nalalamikia kahawa. Nimemwambia tofauti ni risasi.

Na mashabiki wa banda letu wana sheria zao, wasizofundishwa na mtu. Ya kwanza, bastola ya steringi haiishiwi. Nimewahesabia milio kumi na tisa kutoka bastola ya risasi sita, na ule wa kumi na tisa ulishangiliwa kuliko wa kwanza. Ya pili ndiyo kubwa, na hiyo hata mtoto wa kunyonya anaijua: steringi hafi.

*

Sheria hiyo ya pili haikubaki bandani. Miaka thelathini na mitatu iliyopita Kiongozi wetu, wakati huo akiwa bado anaomba kura, alipanda jukwaani hapo sokoni, hotuba ikamkwama kooni, akakumbuka filamu aliyoiona jana yake. Akapaza sauti: "Steringi!" Umati mzima, bila kufikiri, ukaitikia: "Hafi!" Uchaguzi ukaishia hapo hapo. Zile kura zilipigwa baadaye kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Tangu siku hiyo ndiyo salamu ya taifa. Bunge hufunguliwa kwa salamu hiyo, shule huanza kwa salamu hiyo, hata mazikoni huitikiwa hivyo, ingawa pale huwa pana ukakasi kidogo. Kiongozi akapewa cheo cha Mtukufu Steringi, akavaa kofia pana ya kauboi na nyota ya shaba kifuani, na hajavivua mpaka leo. Mawaziri nao wana kofia, ndogo kidogo. Chama cha upinzani kiliandikishwa kisheria kwa jina la Adui, kikapewa kofia nyeusi, na mwenyekiti wake anatakiwa kucheka kwa sauti nzito mara moja katika kila kikao. Kazi yake anaifanya kwa moyo sana, nampongeza.

Ili mambo yasije yakaharibika, ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Miisho. Kila filamu inayoingia nchini lazima ijaziwe Fomu ya Mwisho, yenye swali moja tu: "Je, steringi anakufa? Ndiyo au Hapana." Ukijibu Ndiyo, wanaichukua filamu, wanaikata pale steringi anapoanza kuyumba, kisha wanaunganisha wimbo wa taifa. Ndiyo maana kwetu filamu nyingi huisha na mtu amesimama akivuja damu huku bendera inapepea. Tumezoea. Wengine tunaona inapendeza.

*

Mwaka jana ikaingia filamu ya mwisho ya Rok Denva. Mzee amefikisha miaka sabini na tisa. Watu wa bandani, kwa kuona picha ya jalada tu, wakaibatiza Mzee wa Bonde Kavu, nami nikaitazama peke yangu asubuhi ili nijaze fomu.

Denva ni mlinda amani wa kimji kimoja cha mbao, na nyota iko kifuani. Amezeeka. Anaweka chupa juu ya ukuta ili ajipime shabaha, anaikosa. Anasogea karibu, anaikosa. Anasogea karibu zaidi, mpaka ukimwangalia unaona haya kwa niaba yake, anaikosa tena. Kumbe kazi yote ya mji inafanywa na mama mmoja wa ofisi ya simu za maandishi, mwanamke mwembamba wa miwani, ndiye anayeamua kesi, ndiye anayewafungia wezi. Mji mzima unajua, na mzee anajua. Basi siku moja asubuhi, bila adui, bila muziki, Denva anaingia ofisini kwa yule mama, anavua nyota, anamnyooshea. Hasemi kitu. Mama anaitazama, anaipokea, anaivaa. Denva anatoka nje, anapanda farasi. Dakika nne nzima anakwenda tu. Halafu tunamwona kwenye kishamba, amepiga magoti, anapalilia maboga. Mwisho.

Nikatoa fomu. Je, steringi anakufa? Hafi. Nikaweka alama penye Hapana, tena kwa dhamiri safi kabisa, na Kamati ikagonga muhuri siku hiyo hiyo.

Jumamosi saa nane mchana banda likajaa. Nikatafsiri vizuri, kila mtu ametulia. Ilipofika kwenye nyota, mimi mwenyewe sikuwa na neno la kusema, maana hakuna lililosemwa, nikaweka kipaza sauti mapajani. Maboga yakatokea, yakaisha, runinga ikawa nyeusi. Hakuna aliyesimama. Hata wale wenye kawaida ya kupiga miluzi walikaa kimya. Mwishoni muuza viatu mmoja wa huko nyuma akauliza, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Kumbe inaruhusiwa?"

Mlangoni Zawena akaanza kupiga makofi, na banda zima likamfuata.

Siku kumi na moja tuliionyesha hiyo hiyo, mara nne kwa siku. Watu wakaanza kusalimiana sokoni: "Vipi, maboga yanaendeleaje?" Mbegu za maboga zikaadimika. Mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu, aliyekalia kiti miaka kumi na tisa na kuwazika wote waliomchagua, akasimama mkutanoni, akamkabidhi katibu funguo za turubai, akaenda zake. Wakafuata mkuu wa shule, nahodha wa timu ya mpira mwenye miaka arobaini na nne, na mama mkwe mmoja aliyemwachia mkwewe jiko. Hilo la jiko ndilo lililoshtua serikali. Siku ya kumi na mbili nikaitwa.

*

Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Miisho ni Daktari Mhandisi Ligombe, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza hata asipokuwa nacho. Amekaa na wajumbe saba, wote na kofia zao. Nikaamkia, nikasimama.

"Bwana Kitojo," akasema, "katika historia ya miisho, ambayo mimi binafsi nimeisomea ng'ambo, iko miisho ya aina mbili. Steringi anashinda, au tunamkata. Sasa Kamati inauliza kwa nia njema: huyu wako amekufa?"

"Hajafa, mheshimiwa."

"Ameshinda?"

"Hajashinda."

"Basi adui amekimbia?"

"Adui hayumo, mheshimiwa. Ni uzee tu."

Wajumbe wakaandika. Mmoja akanyoosha mkono. "Huo uzee, ulikuwa umevaa kofia nyeusi?"

"Haukuwa na kofia, mzee wangu."

"Ndiyo maana haukutambuliwa mapema," akasema, akaandika tena.

Ligombe akasimama, akazunguka meza. Akasema taifa halipingi maboga. Taifa linayaheshimu maboga. Lakini shamba la maboga ni mahali, na mtu akienda mahali huwa ameondoka mahali pengine, na hapo ndipo usalama wa nchi unapoguswa. Akaongea hivyo kwa dakika kama ishirini na mimi nikawa natikisa kichwa kila alipopumua. Kisha akafika kwenye neno lenyewe. Mtukufu Steringi amesikia habari za filamu hii, na anataka kuiona kwa macho yake. Ijumaa, saa tisa alasiri, Ikulu. Mtafsiri ni mimi.

"Kuna dakika nne huyu mzee yuko juu ya farasi hasemi," akasema Ligombe. "Ni dakika nyingi sana za kukaa bure. Kamati imezijaza." Akanipa karatasi tatu, zimepigwa chapa pande zote, na muhuri wa Kamati juu. Nilisoma mstari wa kwanza: *Ndugu wananchi wa Bonde Kavu, ninakwenda kukagua maboga kwa muda mfupi tu, na nitarejea na nguvu mpya.* "Ukiruka hata nukta, Macho Yote tunalifunga, na kibali chako cha kuongea mbele ya watu zaidi ya wanne tunakichana. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikazikunja karatasi, nikazitia mfukoni.

Nyumbani nikamsomea Zawena zile karatasi. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Mfaume," akasema, "miaka ishirini na miwili unawahubiria watu kwamba Denva hasemi sana, Denva haogopi, Denva hasujudii mtu. Leo unakwenda kumtia hotuba mdomoni?"

"Mke wangu, ubavu sina. Banda ndilo linatulisha. Ujasiri unapikwa na nini, wewe?"

"Kiburi chako nimekila miaka yote hii bila mboga, na sijafa. Fanya unavyoona. Lakini usirudi hapa kunisimulia Denva alivyo mwanamume."

Nikachukua kitana nikaanza kuchana nywele, ingawa nilikuwa sitoki.

*

Ijumaa nikaletewa gari. Ukumbi wa Ikulu una mapazia mazito, runinga kubwa kama mlango wa godauni, na viti vyekundu. Mawaziri wamejaa, kila mmoja amekalia nusu ya kiti ili awe tayari kusimama. Mbele, peke yake, amekaa Mtukufu Steringi. Nilikuwa simjui kwa karibu. Kwenye picha zilizobandikwa kila duka ana mabega. Pale niliona mzee mdogo, kofia imemfika masikioni, na chini ya kiti amevua viatu kwa siri, soksi zimevimba.

Ligombe akapaza: "Steringi!"

"Hafi!" ukumbi ukaitikia.

Nikabonyeza rimoti, nikaanza kazi. Nilitafsiri vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Kwenye chupa, Denva alipokosa mara ya tatu, mawaziri walitazama sakafu, lakini Mtukufu alicheka kidogo puani. Nyota ikavuliwa, ikanyooshwa, ikapokelewa. Denva akapanda farasi. Ligombe akanikazia macho. Nikafungua karatasi zangu, nikasafisha koo:

"Ndugu wananchi wa Bonde Kavu! Ninakwenda kukagua maboga kwa muda mfupi tu, na..."

"Simamisha," akasema Mtukufu.

Nikasimamisha.

"Huyo mtu amefunga mdomo. Nani anasema?"

Nilimtazama Ligombe, naye akawa anakagua dari. "Ni... ni moyo wake, Mtukufu."

"Uambie moyo wake unyamaze, niangalie." Kisha akageuka nusu, akaona karatasi mkononi mwangu, na muhuri. Mjinga si yeye. "Wamekuambia wataifunga shughuli yako usiposoma?"

Nikainamia rimoti. Ila uso wa mtu husomeka.

"Banda lake asiliguse mtu," akasema Mtukufu, bila kupaza sauti. "Wala mdomo wake. Nimesema. Haya, rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Safari hii farasi alikwenda dakika nne zote kimya, tukawa tunasikia kwato na pumzi za mawaziri. Maboga yakatokea. Mtukufu akaegemea mbele mpaka kofia ikataka kumwanguka.

"Asubuhi," akauliza, "nani anamwamsha huyu?"

"Hakuna, Mtukufu. Anaamka akitaka."

"Na asipotaka?"

"Analala."

Akaniambia nirudishe tena. Tulitazama maboga mara saba. Mara ya saba akasema, kama anayeongea na runinga: "Nina miaka themanini na moja. Magoti yananiuma. Nimefungua daraja lile lile mara tatu."

"Mtukufu anatania!" akasema Ligombe, na ukumbi ukacheka kwa heshima. "Steringi!"

"Hafi!"

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Mtukufu.

Akapeleka mkono kifuani. Pini ilikuwa imekaa miaka mingi, ikamsumbua, akahangaika nayo mpaka ikaachia. Akaishika ile nyota ya shaba kiganjani, akainyoosha upande wa kulia, alikokaa Ligombe. Ligombe akaanza kupiga makofi. Mawaziri wote wakaanza kupiga makofi, kwa nguvu, bila kupumzika, na mtu anayepiga makofi, mikono yake ina kazi. Mtukufu akainyoosha kushoto. Huko nako makofi. Akazunguka nayo polepole kitini, mkono hewani, safu nzima wanashangilia na hakuna aliyemtazama machoni.

Akafika kwangu.

Mimi sikuwa napiga makofi. Mkono mmoja una rimoti, mwingine hauna kitu kabisa. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona ile nyota imechakaa upande unaogusa mwili. Hakuwa akinitania. Wala hakuwa akinipa nchi, mimi Mfaume wa nyuma ya soko, alikuwa anataka mtu amshikie tu, dakika moja, ajue inavyokuwa. Nilimkumbuka Denva, farasi na mavumbi na maneno yake kumi na moja. Nilimkumbuka Zawena na mchele wake. Banda limeshapona, kibali kimeshapona, hakuna aliyenishikia bastola.

Nikasema: "Mtukufu, nirudishe tena?"

Akaurudisha mkono. Kisha akaivaa mwenyewe, kwa taabu, pini ikimchoma kidole, na hakuna aliyemsaidia.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.